Maisha ya Jacques Tati: Kizuri Kisichojiuza

Mpenzi msomaji, methali isemayo kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sote tunaijua. Mwuza nguo anayo mdomoni, mwalimu anayo ubaoni, nasi wanafunzi twaichomeka katika kila insha hata pale isipotakiwa. Lakini je, umewahi kujiuliza kama ni ya kweli siku zote? Hebu nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyetengeneza kitu kizuri, akakipeleka sokoni, na watu wakakipita tu. Mtu huyo ni Jacques Tati, mcheshi mkubwa wa Ufaransa, na kitu chenyewe ni filamu iitwayo Playtime, iliyotolewa mwaka wa 1967.

Utoto na ujana

Tati alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1907 katika mji wa Le Pecq, karibu na Paris. Jina lake kamili la ukoo lilikuwa Tatischeff. Usishangae kusikia Mfaransa mwenye jina la Kirusi, kwani babu mzaa baba alikuwa Mrusi wa jamaa ya kikabaila aliyefanya kazi katika ubalozi wa Urusi mjini Paris. Upande wa mama walikuwa na asili ya Kiholanzi, na kazi yao ilikuwa kutengeneza fremu za picha. Jina Tatischeff lilikuwa refu mno kwa matangazo ya ukumbini, ndipo akalikata likabaki Tati.

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaokaa nyuma darasani wakiomba kengele ilie, basi huyu ni ndugu yako. Masomo yalimshinda. Alipofika umri wa miaka 16 hivi, aliiacha shule akaingizwa katika biashara ya fremu. Babake alitaka mwana arithi duka, na duka lilikuwa na wateja wa heshima. Kijana akajifunza kupima mbao, kukata pembe na kuichunguza picha kwa makini ili ajue ni mpaka gani utakaoifaa. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akisomea kazi yake ya baadaye bila kujua, kwa maana mwelekezi wa filamu naye hana kazi nyingine ila kuamua ni kipi kiingie katika fremu na ni kipi kibaki nje.

Akaitwa jeshini, akatumikia katika kikosi cha farasi. Baadaye alikwenda London kuongeza ujuzi wa fremu. Huko aliupata mchezo wa raga. Aliporudi Paris alijiunga na klabu ya Racing. Alikuwa kijana mrefu kama mlingoti, karibu mita 1.9, na uwanjani hakuwa nyota. Sifa zake zilianza baada ya mechi, wachezaji wanapokaa kula na kunywa. Tati angesimama mbele yao, bila mpira, bila raketi, bila farasi, na wote wangemwona golikipa akiruka, mcheza tenisi akikosa mpira, au mwanajeshi akiwa juu ya farasi asiyesikia amri. Alikuwa farasi na mpandaji kwa wakati mmoja! Na hayo yote bila kusema neno hata moja.

Wenzake wakamsihi apande jukwaani. Katika miaka ya 1930 aliiacha kazi ya fremu, jambo lililomchukiza babake, akaanza kuhangaika kwenye kumbi ndogo. Mchumia juani hulia kivulini. Mwaka wa 1936 mwandishi mashuhuri Colette alimwona akiigiza na kumsifu sana magazetini. Akaanza kualikwa hata nje ya Ufaransa. Alishiriki pia katika filamu fupi fupi, zikiwemo moja ya ndondi na moja ya tenisi, ingawa hizo hazikuvuma.

Tarishi wa kijijini

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, Tati aliitwa tena jeshini. Ufaransa ikashindwa, Wajerumani wakaikalia. Mwaka wa 1943 alikwenda na rafiki yake Henri Marquet kukaa mashambani, karibu na kijiji kiitwacho Sainte-Sévère-sur-Indre. Watu wa huko walikuwa wakulima wa kawaida, wakienda na majira. Tati aliwatazama vile fundi wa fremu anavyotazama picha. Aliona jinsi kila mtu anavyotembea, anavyoinama na anavyofunga mlango. Hakuwasahau.

Vita vilipokwisha alirudi kijijini kutengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, Jour de fête, yaani siku ya sikukuu. Wengi wa waliomo ni wanakijiji wenyewe. Tati mwenyewe ni François, tarishi wa posta mwenye baiskeli. Siku ya sikukuu tarishi huyu anaonyeshwa sinema kuhusu posta ya Marekani, ambako ati barua husafirishwa kwa helikopta. Basi anapandwa na wazimu wa haraka. Anaukanyaga ule mkweche wake wa baiskeli kama anayefukuzwa na nyuki, akigawa barua mbio mbio, hata anazituma mahali pasipofaa. Mwisho wa mbio ni kutumbukia mtoni.

Filamu hii ilipigwa mwaka wa 1947. Tati alitaka iwe ya rangi, tena kwa mbinu mpya kabisa ya Kifaransa iliyokuwa haijajaribiwa. Kwa bahati, kando ya kamera ya rangi waliweka nyingine ya rangi nyeusi na nyeupe kwa tahadhari. Tahadhari kabla ya hatari! Maabara ilishindwa kabisa kuzitoa zile rangi, na ikabidi watumie picha za kamera ya pili. Isitoshe, wasambazaji waliiona wakasema haina soko. Ilipotolewa mwaka wa 1949 watu walijaa, na mwaka huo huo ikapata zawadi ya mwandiko bora kwenye tamasha la Venice. Zile rangi zilizokataa zilikaa gizani hadi mwaka wa 1995, binti yake Sophie alipofaulu kuzirudisha.

Shika hapo, msomaji. Hii ilikuwa mara ya kwanza wenye pesa kumwambia Tati kuwa kazi yake haifai, na ikawa wamekosea. Mtu akishinda hivyo mara moja, huamini kwamba atashinda daima.

Bwana Hulot azaliwa

Baada ya mafanikio hayo alihimizwa atengeneze filamu ya pili ya tarishi, na ya tatu, na ya nne. Alikataa. Badala yake alizua mtu mpya, Bwana Hulot, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka wa 1953 katika Les Vacances de Monsieur Hulot, yaani likizo ya Bwana Hulot.

Hulot ni nani? Ni bwana mrefu mwenye kiko mdomoni, kofia kichwani, na suruali fupi inayoacha soksi nje. Anapotembea anainama mbele kana kwamba upepo unamsukuma kutoka nyuma. Ni mpole na mwenye adabu hata adabu yenyewe humponza. Anafika katika hoteli ya pwani na kigari chake kibovu kinachopiga mishindo kama bunduki. Akifungua mlango kwa heshima, upepo unaingia na kuvuruga chumba kizima. Akicheza tenisi, anawashinda wote kwa namna ya ajabu ya kupiga mpira aliyofundishwa na mwenye duka. Hana nia mbaya, ila palipo na utaratibu uliopita kiasi, akipita yeye utaratibu huvunjika. Wale mnaomjua Mr. Bean, jueni kwamba mwigizaji wake, Rowan Atkinson, amekiri mwenyewe kwamba alivutiwa mno na Bwana Hulot.

Filamu hii ilipigwa katika ufuo wa Saint-Marc-sur-Mer, magharibi mwa Ufaransa. Ilipata zawadi ya Louis Delluc mwaka wa 1953. Leo hii pale ufuoni kuna sanamu ya Hulot, mikono kiunoni, akiitazama bahari.

Mwaka wa 1958 ukaleta Mon Oncle. Wanafunzi wa Kifaransa hulifasiri neno oncle wapendavyo, mara baba mdogo, mara ami, mara mjomba. Hapa Kiswahili chatusaidia kusema kwa usahihi: ni Mjomba Wangu, maana Hulot ni kaka yake mamake yule mtoto, Gérard. Mama na baba wa mtoto wanaishi katika nyumba ya kisasa ambamo kila kitu kinajiendesha kwa umeme na hakuna mahali pa kuketi kwa raha. Uani kuna samaki wa chuma anayerusha maji hewani. Kengele ya geti ikilia, mama hukimbia kumfungulia samaki maji ili mgeni aone utajiri. Akigundua kuwa mgeni ni kakake tu, au ni mchuuzi, maji hufungwa mara moja! Mjomba naye anaishi mtaa wa kale wenye mbwa, soko na vicheko, na huko ndiko mtoto anakotamani kwenda.

Nani asiyemjua mtu wa samaki kama yule? Filamu hii iliwachekesha watu wa kila taifa. Ilipata zawadi maalumu ya majaji huko Cannes mwaka wa 1958, na mwaka wa 1959 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Alipokuwa Marekani kwa ajili ya tuzo hiyo, Tati aliomba apelekwe kuwaona wazee wa vichekesho vya zamani, miongoni mwao Buster Keaton na Stan Laurel. Katika siku yake ya utukufu alikwenda kuwaamkia walimu wake.

Mji wa vioo

Hapo sasa Tati alikuwa na jina, pesa na mashabiki. Angeweza kumtoa Hulot kila baada ya miaka miwili kama mkate wa asubuhi, na watu wangenunua. Yeye alitaka jambo kubwa zaidi. Wakati huo Paris ilikuwa ikibadilika. Majengo ya kale yalibomolewa, maghorofa ya chuma na vioo yakachomoza pembezoni mwa jiji, yote yakifanana kama mapacha. Tati aliona kwamba mtu aliyelala Paris na kuamka katika jiji jingine lolote la kisasa huenda asitambue tofauti. Akakusudia kuwachekesha watu kwa hilo.

Tatizo lilikuwa mahali pa kupigia picha. Huwezi kufunga uwanja wa ndege, wala kuzuia ofisi zisifanye kazi kwa miezi kadha wa kadha. Basi Tati akaujenga mji wake mwenyewe! Ujenzi ulianza mwaka wa 1964 kusini-mashariki mwa Paris. Mji huo ulikuwa na barabara za lami, taa za kuongozea magari, maghorofa ya vioo na mtambo wake wenyewe wa umeme. Baadhi ya majengo yaliwekewa magurudumu ili yasukumwe upande huu na ule kamera inapohama. Kwa mbali walisimamishwa watu wa picha zilizokatwa, ili wajaze nafasi bila kudai mshahara. Watu wakauita mji huo Tativille, yaani mji wa Tati.

Ama kweli ukiona vyaelea, vimeundwa. Alitumia filamu pana ya milimita 70, iliyo ghali lakini yenye kuonyesha kila kitu kwa uwazi hata pembeni kabisa. Alirudia kila tendo hadi liwe sawa na lile alilolitaka kichwani mwake. Aliwaonyesha waigizaji, hata wale wa kupita tu, namna ya kuinua mguu. Siku ziligeuka miezi, miezi ikageuka miaka. Pesa zilikwisha, kazi ikasimama, zikakopwa nyingine, kazi ikaendelea, zikakwisha tena. Playtime ikawa miongoni mwa filamu ghali kabisa zilizowahi kutengenezwa Ufaransa hadi wakati huo. Tati aliweka rehani mali yake, pamoja na haki za filamu zake za awali. Tarishi, likizo na mjomba, wote waliingia rehani kwa ajili ya mji wa vioo.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Desemba 1967. Ilikuwa imepita miaka tisa tangu Mon Oncle. Watu walikuja na hamu yao, wakaketi, wakamngoja Bwana Hulot.

Walichokiona

Na sasa msomaji nataka uketi nao. Mwanzoni waona ukumbi mweupe mkubwa, watu wananong'ona, mtawa anapita, mtu anapita na kitu mikononi kama mtoto mchanga. Wadhani ni hospitali. Kumbe ni uwanja wa ndege. Kundi la akina mama watalii kutoka Marekani wanawasili. Wanataka kuiona Paris, na Paris yenyewe haionekani. Mnara wa Eiffel wauona mara moja tu kwa kupepesa, kama taswira kwenye kioo cha mlango unaofunguliwa. Katika ofisi ya safari kuna matangazo ya nchi mbalimbali za dunia, na kila tangazo lina picha ya ghorofa lile lile.

Hulot yupo, lakini ni mmoja tu kati ya wengi. Amekuja kuonana na afisa fulani. Wanatafutana siku nzima katika vyumba vya vioo. Anamwona afisa, anamkimbilia, kumbe amekimbilia kivuli kilicho kwenye kioo. Afisa naye anamkimbilia na kuugonga mlango wa kioo kwa pua. Tena wapo watu wengine wenye koti, kofia na kimo kama cha Hulot, na mtazamaji huwashangilia bure akidhani ni yeye. Hakuna kisa cha mapenzi kinachoshikika, hakuna adui, hakuna mbio. Kamera haisogei karibu na uso wa yeyote ili ikuambie cheka hapa. Yasimama mbali, nawe wachague mwenyewe pa kutazama, huku mambo manne yakitendeka kwa pamoja. Ukiangalia kushoto, la kulia limekupita.

Kisha yaja karamu ya hoteli mpya iliyofunguliwa kabla mafundi hawajamaliza. Sehemu hii yachukua karibu saa nzima. Kigae cha sakafu chang'oka kikamganda mhudumu mguuni. Viti vina muundo wa taji la chuma mgongoni, na kila aliyekaa anainuka na alama ya taji kwenye koti lake. Samaki mmoja anatiwa viungo na kila mhudumu apitaye, wala hapewi mtu. Hulot anauvunja mlango wa kioo kwa bahati mbaya, naye bawabu haoni haya. Anashika kitasa peke yake hewani na kuendelea kuwafungulia wageni mlango usiokuwapo, nao wanampa bahashishi. Mwishowe dari laporomoka. Na hapo ndipo raha inapoanza! Mtalii mmoja tajiri anageuza ile kona iliyobomoka kuwa klabu yake, na hakubali mtu aingie ila mwenye alama ya taji mgongoni. Wageni waliokuwa wakitazamana kwa ukali sasa wanaimba pamoja hadi alfajiri. Asubuhi magari yamesongamana katika mzunguko wa barabara, yakizunguka polepole kama bembea ya watoto penye sherehe.

Waonaje? Kwa maelezo yanachekesha. Lakini watazamaji wengi wa wakati ule walitoka wamenuna. Walikuwa wamemlipia Hulot, wakapewa umati. Walitaka hadithi, wakapewa jiji. Filamu ilikuwa ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, na Tati akalazimika kuipunguza wakati tayari inaonyeshwa. Zaidi ya hayo, alishikilia kwamba ioneshwe tu katika kumbi zenye mitambo ya filamu pana na sauti ya kisasa, na kumbi hizo zilikuwa chache. Baadhi ya wahakiki waliitetea, na mwaka wa 1969 ilipata zawadi ya fedha kwenye tamasha la Moscow. Lakini zawadi haiwezi kulipa madeni ya benki. Marekani, ambako ndiko alikotumaini kupata pesa, haikuoneshwa hadi mwaka wa 1973.

Kufilisika

Yaliyofuata ni ya kusikitisha. Ule mji wa vioo ulibomolewa. Tati alikuwa ameomba usibomolewe ili vijana wanaojifunza kutengeneza filamu wautumie, lakini hakusikilizwa. Nyumba ya familia huko Saint-Germain-en-Laye ikauzwa. Kampuni yake ikafungwa mwaka wa 1974, na haki za filamu zake zikanadiwa kwa bei ya kutupa. Fikiria, fundi anazuiwa hata kuonyesha kile alichokifanya kwa mikono yake.

Hakuketi akilia. Mwaka wa 1971 alitoa Trafic, filamu ya Hulot anayesafirisha gari la kambi kutoka Paris hadi maonyesho ya magari Amsterdam, na njiani kila balaa linamkuta. Hapo Hulot alirudi katikati ya picha kama watu walivyotaka, kwa sababu wenye pesa walimtaka awe hapo. Mwaka wa 1974 akafanya Parade, tamasha la sarakasi lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Uswidi. Humo alirudia yale maigizo yake ya zamani ya golikipa, mcheza tenisi na farasi. Mzee wa miaka zaidi ya 60 alirudi pale pale alipoanzia, jukwaani, mikono mitupu.

Mwaka wa 1977 Wafaransa walimpa tuzo ya César ya heshima kwa kazi yake yote. Mwaka uliofuata alirudi kwenye ule ufuo wa Hulot kupiga kipande kipya cha kuongeza katika filamu aliyoitoa miaka 25 nyuma, maana bado aliiona haijakamilika. Aliaga dunia mjini Paris mwezi wa Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka 75. Alikuwa ametengeneza filamu ndefu sita tu katika maisha yake yote.

Baada yake

Bintiye Sophie, aliyekuwa mhariri wa filamu, hakuacha kazi ya babake ipotee. Mwaka wa 2001 yeye pamoja na jamaa zake walianzisha kampuni ya kuzinunua tena na kuzitengeneza upya filamu hizo. Sophie mwenyewe alifariki mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, 2002, Playtime iliyosafishwa ilioneshwa tena kwa upana wake wa milimita 70. Na safari hii watu walitazama. Katika kura ambayo jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwapigisha wahakiki wa dunia kila baada ya miaka kumi, Playtime ilikuwa katika hamsini bora za nyakati zote mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2022. Filamu iliyomfilisi mwenyewe sasa hufundishwa vyuoni, tena si kwa wanafunzi wa sinema peke yao, bali hata kwa wasanifu wa majengo.

Tuseme nini basi? Wapo watakaosema Tati alionewa. Mimi naona tusimwondolee makosa yake. Aliambiwa apunguze, hakupunguza. Aliambiwa aruhusu kumbi za kawaida, akakataa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lilivunjika, tena na jamaa yake ikaumia pamoja naye. Mtu anayeweka nyumba rehani kwa ajili ya sanaa yake hajiweki rehani peke yake. Wala tusidhani kwamba kila kinachokataliwa ni kizuri kilichojificha. Kazi nyingi hukataliwa kwa kuwa ni mbovu, na wengi wetu tunalijua hilo kila tunaporudishiwa insha.

Lakini nao watazamaji wa 1967 tusiwasahau. Waliingia ukumbini wakijua tayari wanachokitaka, na kwa kuwa hawakukiona, hawakuona kingine chochote. Mbele yao palikuwa na watu mia wakitenda vichekesho mia, nao wakaketi wakimtafuta mtu mmoja mwenye kiko. Hilo laweza kumpata yeyote. Mwenzako darasani aliyezoea kukuchekesha akija siku moja na jambo zito, wewe wangoja kicheko, na jambo lakupita. Mwanafunzi aliyeshindwa muhula wa kwanza akiinua mkono muhula wa tatu, darasa laguna kabla hajafungua mdomo.

Kwa hivyo methali yetu tusiitupe. Kizuri chajiuza, ni kweli, ila wahenga hawakusema chajiuza siku gani. Kuna kinachonunuliwa asubuhi ya soko, na kuna kinachokaa juu ya meza hadi mwenyewe amezikwa. Kazi ya mwuzaji ni kukitengeneza vyema na kuhesabu gharama yake, pamoja na gharama ya wale walio nyuma yake. Kazi yetu sisi wanunuzi ni kutazama kilichoko mezani, tuache kutazama tulichokuja kukitafuta peke yake. Nawatakia nyote macho ya namna hiyo.